Kuna Kitu Muhimu Ndani?

Hafsa binti Isihaka alishuka stendi ya Korogwe saa nne asubuhi akiwa amebeba kompyuta ya marehemu baba yake, boksi lenyewe tu bila kioo, limefungwa kwa kanga mbili na kamba ya katani. Tangu Mkata alikuwa amelipakata mapajani. Alikataa lisiwekwe kwenye buti la basi, na konda alipomuuliza kama ni redio ya harusi alijibu ndiyo ili yaishe. Ukweli ulikuwa mrefu mno kwa mtu wa kukata tiketi. Ndani ya boksi lile mlikuwa na sauti za wazee wawili ambao wote walikwisha kufa, na baada ya siku tisa kijiji kizima kingekaa barazani kuzisikiliza, kama zingepatikana. Na Hafsa, ambaye ndiye aliyetumwa kuzitafuta, alikuwa anaomba kimoyomoyo zisipatikane.

Tusimhukumu haraka. Aliye nje ya ngoma hajui joto lake.

Baba yake, Mzee Isihaka, alikuwa karani wa shamba la mkonge enzi ambazo mkonge ulikuwa mkonge. Mashamba yalipouzwa kwa watu binafsi makarani wakaambiwa asanteni, naye akarudi kwao Mkata na taipureta moja na tabia ya kuandika tarehe juu ya kila kitu, hata juu ya gunia la mbegu. Baadaye akapata kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi moja ya Tanga. Akamfundisha binti yake wa pekee, na hao wawili ndio wakawa wachapaji wa Mkata nzima: barua za kuomba kazi, barua za kuomba radhi, barua za posa.

Mwaka 2003 wakulima na wafugaji walikaa kuzungumzia njia ya ng'ombe. Kati ya maboma ya Wamasai na lambo la maji palikuwa na mashamba ya Wazigua. Kila kiangazi ng'ombe walipita juu ya mihogo ya watu, na kila kiangazi yalitoka marungu na mapanga. Mwaka ule waliafikiana. Ila Mzee Sironka, mkubwa wa maboma ya upande ule, alikataa katakata kuweka dole gumba kwenye karatasi. Alisema kidole chake kilipata kuwekwa kwenye karatasi mara moja tu maishani, na karatasi ile iliposomwa baadaye ikasema amekubali kuhama.

"Neno langu mimi liko mdomoni," alisema. "Liwekeni hilo."

Mtu mwingine angemwona mkorofi. Mzee Isihaka alifikiri kidogo, akamwagiza Hafsa alete kipaza sauti kidogo kilichokuja na kompyuta, akakichomeka, na wazee wakasogeza viti sebuleni kwake wakasema mmoja mmoja. Zamu ya mwenye nyumba ilipofika alitamka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: njia ipite kwenye shamba lake mwenyewe, kwenye kile kipande cha ekari mbili kinachogusa lambo, na kwamba anakitoa kiwe njia siku zote. Kisha akamgeukia Hafsa aliyekuwa anamimina chai. Kipande kile alikwisha kutamka zamani, mbele za watu, kuwa ni cha binti yake. Akamuuliza kama anaridhia.

Hafsa aliridhia. Alisema "Naridhia, baba," akiwa ameinamia birika. Ekari mbili za vumbi kando ya lambo wakati ule hakuna aliyezitaka. Tena, ni mtoto gani aliyelelewa akalelewa anayemjibu baba yake hapana mbele ya wageni?

Basi wazee wakaanza kuondoka. Alitangulia Sironka. Mwaka 2006, mwezi wa kwanza, akafuata Isihaka. Karatasi ya muhtasari iliyokuwa ofisi ya kijiji ililiwa na mchwa pamoja na faili lake, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Alitokea mnunuzi kutoka mjini aliyetaka ardhi yote ya upande ule mpaka kwenye ukingo wa maji, na akasema wazi kwamba bila ule ukingo hanunui hata hatua moja. Shamba lililopakana na kipande cha Hafsa lilikuwa la Hiza, baba yake mdogo. Hiza akaona nyota ya jaha.

"Kaka alikuwa mkarimu, hakuwa mwendawazimu," Hiza alimwambia. "Aliwaazima njia mwaka mmoja tu wa shida. Wewe na mimi tukiuza pamoja, utapata chumba chako kando ya lami, na mashine mpya. Mpaka lini utachapa barua za watu sebuleni?"

Swali hilo Hafsa alikuwa amejiuliza miaka mingi kabla ya Hiza. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, kaachika, hana mtoto, na kitu pekee alichokiweza kwa uhakika ni kuchapa. Chumba alikwisha kukiona. Alikwisha kuamua hata meza ikae upande gani ili jua la mchana lisipige kioo. Mwezi wa tatu, mvua iliponyesha, yeye na Hiza wakailima ile njia yote wakapanda mihogo.

Kiangazi kikaingia. Ng'ombe wakafika, wakakuta mihogo. Mwezi wa nane mkulima mmoja alivunjwa mkono na kijana mmoja wa maboma akakatwa bega, na wote wawili walilala wodi moja, vitanda vinatazamana. Hapo ndipo Lomayani, mtoto wa Sironka, alipokuja na mama yake, Nanyori, nyumbani kwa Hafsa. Hakuja na fimbo. Aliiacha mlangoni.

"Dada Hafsa," alisema, "maneno ya mzee yule yamo kwenye mashine yenu. Tunaomba yasikike." Hakulitaja jina la baba yake, kwa kuwa kwao jina la aliyekufa halitajwi ovyo.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sufiani, akapanga siku ya baraza na akaagiza mashine iletwe. Hafsa akaiwasha. Ikatoa kioo cheusi na mstari mmoja mweupe wa Kiingereza uliosema kuna faili halionekani. Akaizima, akaiwasha, ikarudia yaleyale. Kilichomshtua ni jinsi moyo wake ulivyopata nafuu.

Basi, hapo Korogwe, alikwenda moja kwa moja Manundu kwa Kaleb, kijana aliyesifika kwa kutengeneza kompyuta haraka. Hafsa aliijua dawa ya mafundi wa miaka ile. Kompyuta ikiwa nzito, wanapiga windo. Ikigoma kutoa sauti, wanapiga windo. Ikiingia virusi, ndiyo kabisa, wanapiga windo, kama zahanati za zamani zilivyompa klorokwini hata aliyevunjika mguu. Fundi anachukua sidii yake aliyonakili kwa mwenzake, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, anafuta kila kilichomo, anaweka Windows upya. Miezi minne mitano mashine inapona. Halafu inaanza kukudai namba ambayo huna, au virusi vinarudi, na wewe unarudi kwa fundi.

Kaleb alifungua kanga, akaunganisha kioo chake, akausoma ule mstari mweupe kwa sekunde mbili.

"Dada, hapa ni kupiga windo tu," alisema. Na huku mkono uko tayari kwenye kibodi, akauliza lile swali ambalo wote huliuliza kwa mazoea: "Kuna kitu muhimu ndani?"

Hafsa alijua tangu Mkata kwamba ataulizwa. Ndiyo maana alikuja kwa Kaleb. Mafundi walikwisha kufuta picha za harusi za watu, ripoti za wilaya, hata majina ya waumini wa kanisa zima, na hakuna aliyewahi kugombana nao sana. Watu husema tu, fundi kafuta, kama wanavyosema mvua imeharibu maharage. Angerudi Mkata na mashine nzima na mikono mitupu, na hakuna ambaye angemnyooshea kidole.

"Hakuna," alisema.

Kaleb akatia sidii. Kioo kikawa cha bluu, mashine ikaanza kuunguruma. Kisha feni ya ukutani ikapunguza mwendo, ikasimama, na kila kitu kikazimika. Mwaka ule wa ukame mabwawa yalikauka na umeme ukawa wa mgao, na zamu ya mtaa ule ilikuwa imefika.

"Mpaka saa kumi huo," Kaleb alisema bila kushangaa. "Hatujafuta kitu bado. Nenda ule, urudi."

Hafsa akaenda kwa mama ntilie nyuma ya stendi, akaagiza wali na maharage. Alikula matonge mawili. Miezi minane alikuwa amefikiri kuhusu kipande, kuhusu chumba, kuhusu baba mdogo, kuhusu mihogo. Hakuwa amefikiri jambo moja dogo sana: kwamba sauti ya baba yake haikuwapo mahali pengine popote duniani. Hakukuwa na kanda, wala video ya harusi, wala simu iliyoihifadhi. Mzee alikuwa na kawaida ya kukohoa kidogo kabla ya kusema neno zito, kikohozi cha kusafisha njia, na Hafsa alipojaribu kukikumbuka pale mezani hakikuja vizuri. Kilikuja nusu. Na yeye ameulizwa kama ndani kuna kitu muhimu, akasema hakuna.

Alilia palepale, juu ya sahani. Mama ntilie akamsogezea maji akidhani ni pilipili.

Chumba alikuwa bado anakitaka. Hilo lisemwe, maana watu hupenda kusikia kwamba mtu akilia anatakasika. Hafsa alinawa uso, akarudi Manundu akiwa anakitaka chumba chake vilevile, na aibu juu yake.

"Kaleb, nimekudanganya," alisema. "Kuna kitu."

Kaleb aliinua mikono yote miwili kutoka kwenye mashine kama aliyeshika sufuria la moto. "Dada! Mambo hayo si ya kufanyia mchezo." Akatoa sidii yake. "Basi mimi hapo sina ujanja. Mimi kazi yangu windo. Nenda kwa Mzee Filemoni, fundi redio, nyuma ya soko. Ana sidii yake moja ya bure. Sisi tunamchekaga, lakini vitu vya watu hapotezi."

Mzee Filemoni alikuwa mtu wa reli. Miaka kumi na nane alipiga simu za upepo stesheni ya Mnyuzi, mpaka treni za abiria zilipokoma na yeye akapunguzwa kazini. Sasa alitengeneza redio katika kibanda chenye mafundo ya nyaya kila mahali na betri mbili za lori zilizochajiwa kwa jua, hivyo mgao wa umeme ulikuwa haumhusu. Pembeni alikaa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa makamo, akichapa mtihani kwenye kompyuta iliyozeeka hata rangi imekuwa ya njano.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Weka mzigo hapo." Aliutazama mstari mweupe, akaguna. Hakuuliza kama kuna kitu muhimu. Aliuliza, "Unakwenda kutafuta nini humu?"

"Sauti ya baba yangu. Amefariki."

Filemoni akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kutoka droo ya chini akatoa bahasha ya karatasi ngumu, na ndani ya bahasha sidii iliyochapwa vizuri kama ya dukani. "Hii ilikuja kwa posta," alisema. "Nilijaza jina langu kwenye intaneti kafe, nikasahau. Wiki sita, hii hapa, kutoka ng'ambo, stempu juu, bila ankara. Nikasema, Filemoni, hapa kuna mtu atakuja kukudai. Mpaka leo hajaja."

"Ni windo?"

"Si windo. Ni mfumo mwingine, wanauita Linux. Windo unaipiga, na ikipigwa inafuta. Hii haipigwi. Inaingia kwa mtu na mkeka wake, inaukalia mkeka wake, ikimaliza inaukunja na kuondoka. Diski ya baba yako haitaigusa mpaka wewe mwenyewe uiruhusu."

Mashine ilichukua muda, ikikwaruza ndani. Kisha kioo kikajaa rangi ya udongo wa Handeni, na maneno yakajipanga juu, mengine kwa Kiswahili, mengine yakiwa bado ya Kiingereza, kama nyumba iliyopigwa plasta upande mmoja. Hafsa, aliyekuwa amechapa kwenye kompyuta miaka minne, hakuwa amewahi kuona kompyuta ikimwambia kitu kwa lugha yake. Alijikuta akisoma kwa sauti.

"Wanaotafsiri ni watu wa kujitolea," alisema Filemoni. "Wakichoka wanaachia hapo. Anayeweza anaendelea."

Mwalimu akageuka kwenye kiti. "Mimi nililetwa na virusi," alisema. "Mtihani wa darasa la saba ulimezwa siku mbili kabla ya kufanywa. Nilikuja hapa nalia, nikabaki. Mashine yangu ndiyo hii, windo jipya haiwezi kulibeba, lakini hii inaibeba. Undani wake siujui wala siutafuti. Nataka niwashe, niandike, na kesho nikikute nilichoandika. Basi."

"Na wewe mzee ukitaka kumpa mwingine?" Hafsa aliuliza. "Huzuiwi?"

"Nazuiwa kumnyima," Filemoni alijibu, na huyo sasa alikuwa mtu aliyepata mada yake. "Aliyekiandika alikitoa kwa wote, na akaandika sharti: ukipewa, nawe gawa vilevile. Usikitie kufuli ukasema ni chako. Ndiyo maana Kaleb ananicheka. Anasema kitu cha bure kina kasoro. Mimi nimekitafutia kasoro mwaka mzima. Zipo, lakini siyo hiyo."

Hafsa alitazama kioo. "Na aliyekitoa akifa? Wanawe hawawezi kukifunga?"

"Hawawezi. Alikwisha kukitoa. Hata yeye mwenyewe akijuta leo, kilichotoka kimetoka."

Mzee hakujua alichokisema. Alikuwa anazungumzia kompyuta. Lakini Hafsa alihisi uso unapata moto, akajifanya anarekebisha mtandio.

Faili lilikuwapo. Lilikuwa mahali palepale, na juu yake, bila shaka, tarehe. Filemoni akabonyeza. Kwanza ikaja sauti ya Sironka, nzito, ikijitaja jina na jina la baba yake, Kiswahili chake kikisimama na kuondoka. Baadaye kikaja kikohozi kidogo. Hafsa alishika ukingo wa meza. Mzee Isihaka alisema alichokisema, polepole, kama mtu anayemwandikisha mtoto imla, na mwisho akauliza: "Hafsa, mwanangu, kipande hiki ni chako. Unaridhia?"

Halafu hakukuwa na kitu. Kikombe kiligusa kisahani. Kiti kililia. "Haya," ilisema sauti ya baba, "tuendelee."

"Rudisha, mzee," alisema Hafsa.

Filemoni akarudisha, akaongeza sauti mpaka mwisho. Kikombe, kiti, haya tuendelee. Kipaza sauti kilikuwa mbele ya wazee, na yeye alikuwa ameinamia birika. Baba yake alisikia jibu lakini mashine haikulisikia. Hafsa alielewa palepale maana yake, kwani hakuwa mjinga: kipande ni cha Hafsa, Hafsa aliulizwa, na dunia nzima sasa ingesikia kwamba hakujibu. Alikuwa amekuja kuokoa sauti ya baba yake, ameiokoa, na chumba chake kando ya lami bado kilikuwa kinamngoja. Alipaswa kufurahi. Alijisikia mgonjwa.

Filemoni akavuta waya kutoka kwenye mashine mpaka kwenye redio, akatia kanda tupu, akarekodi yote ili isikike huko Mkata bila kompyuta. Kisha akanakili ile sidii yake kwenye sidii nyingine tupu, akampa. Hafsa alipogusa mkoba wake, mzee alitikisa kichwa.

"Jirani akija kuomba kaa la moto, jiko lako linapungua?" alisema. "Nenda. Na mtu mwingine akikwamiwa na mashine, mfungulie."

Siku ya baraza walikuja watu wengi kuliko mkutano wowote wa kampeni. Wazigua walikaa upande wa ofisi ya kijiji, Wamasai upande wa pili, na katikati, juu ya meza ya Mzee Sufiani, redio ya kanda. Hiza alikaa mbele na kofia mpya. Alikuwa amekwisha kuambiwa na Hafsa kilichomo kwenye kanda, chote, na hakikumtisha hata kidogo.

Ikaanza sauti ya Sironka ikijitaja jina. Nanyori alivuta shuka akajifunika uso. Lomayani aliinuka, akaenda mbali, akasimama amewapa watu mgongo, akarudi akakaa chini. Kisha Isihaka akakohoa, na bibi mmoja wa Kizigua akasema, "Ya Rabi, ni yeye." Watu walisikiliza utoaji ule mpaka mwisho. Wakasikia swali. Wakasikia kikombe, na kiti, na haya tuendelee.

Hiza akasimama. "Mmesikia kwa masikio yenu. Mimi sina la kuongeza. Kaka aliuliza mwenye mali, mwenye mali hakujibu. Mtu hatoi kisicho chake."

Upande wa maboma ukaanza kunung'unika. Mzee Sufiani akainua mkono. Alikuwa mtu wa suluhu, na alifikiri ameipata. "Hiza, ndoa ngapi tumefunga hapa mimi na wewe?" aliuliza. "Binti akiulizwa akanyamaza, tunasemaje? Tunasema ameridhia. Kimya cha binti ni ridhaa. Babu zetu wameoa hivyo, na sisi tumeoa hivyo."

"Kwani hii ni ndoa?" Hiza aliruka. "Nani ameolewa hapa, ng'ombe?"

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikukaa. Wengine wakasema Mwenyekiti amesema kweli, wengine wakasema la, kimya cha ndoa na kimya cha shamba ni vitu viwili. Mwalimu wa madrasa akaombwa atoe neno. Wakabishana juu ya kimya cha Hafsa karibu robo saa, na Hafsa mwenyewe amekaa hatua kumi kutoka pale, mikono mapajani, hakuna aliyemtazama.

Angeweza kukaa tu. Hiza akishinda, anapata chumba. Sufiani akishinda, anapoteza chumba, lakini kwa uamuzi wa wazee, na maisha yote angeweza kusema walimnyang'anya. Njia zote mbili zilikuwa nyepesi, na zote zilitaka jambo moja tu kwake, anyamaze.

Alisimama.

"Sikunyamaza," alisema. Sauti ilitoka ndogo, kama siku ile ya birika, na alipoona waliokaa nyuma wanatega masikio akairudia kwa nguvu mpaka ikamkwaruza koo. "Sikunyamaza! Nilijibu. Mashine ndiyo haikunasa. Baba aliniuliza, nikasema naridhia."

Hiza alimgeukia taratibu. "Mwanangu, fikiri kwanza."

"Nimefikiri, baba mdogo. Siku ile sikufikiri, nilijibu kwa kuwa ni baba na wageni wapo. Hata nilipokwenda Korogwe nilikwenda ili sauti hizi zifutwe. Nimwambie nani uongo tena? Niliulizwa kama mna kitu muhimu humu nikasema hamna." Alikuwa analia, na hakujifuta. "Leo baba hayupo wa kumwonea haya. Ninyi hamnilazimishi. Kipande ni changu, na nimekitoa. Kiwe njia."

"Unajua unachokitupa?"

"Hakuna anayejua kuliko mimi."

Hiza akavaa kofia yake vizuri, akapita katikati ya watu, akaondoka bila kuaga. Hakukanyaga nyumbani kwa Hafsa mwaka mzima, na sikukuu ya Idi alimtuma mkewe peke yake. Mzee Sufiani aliandika muhtasari kwa mkono, mistari minane, na kabla hajaufunga akamwomba Hafsa auchape nakala tatu.

Kesho yake alfajiri Hafsa alikwenda lamboni na jembe. Mihogo ya miezi sita ilikuwa imesimama njia nzima, mibichi, majani yake yanapendeza. Alianza upande wa maji. Kila shina aliloling'oa lilitoka na mizizi saizi ya vidole, isiyofaa kupikwa wala kukaushwa. Jua lilipochomoza ng'ombe wakatokea upande wa mbuga, wengi, na kiu yao ikasikika kabla hawajafika. Lomayani na wenzake wakawazuia pale mwanzo wa shamba. Hafsa aliwapungia mkono wapite tu, wakanyage, hapakuwa na cha kuharibu tena. Hawakupita.

Lomayani alichoma mkuki wake ardhini. Kwao kugusa udongo kwa jembe si kazi ya mtu anayejiheshimu, na wenzake walimtazama kwa mshangao usiofichika. Alikunja shuka, akainama kwenye mstari wa pili, akashika shina la kwanza kwa mikono miwili, akavuta. Halikutoka. Hafsa akamwonyesha jinsi ya kulitikisa kwanza.